Ndoo ya Mtani

Neema aliponipigia simu Jumanne asubuhi kunieleza kwamba mama yake amefariki, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa msiba. Naliandika hivihivi lilivyo, maana nimechoka kujipamba. Nilifikiri: kutoka Dodoma mjini mpaka Bahi ni mwendo wa muda gani, na pale msibani choo kiko wapi. Baadaye ndipo nikakaa kitini, nikalia. Veronika alikuwa rafiki yangu kwa miaka zaidi ya thelathini, na mwili wangu huu haukunipa hata dakika moja ya kumlilia kabla ya kudai mambo yake. Neema aliningoja ninyamaze, kisha akasema, "Mama aliacha maneno. Alisema Mama Mdogo Seche asije kama mgeni. Wewe ni mtani wake, uje ufanye kazi yako." Nikamjibu kwamba nitakuja. Nikakata simu, nikaenda chooni, si kwa kuwa nilihisi haja bali kwa kuwa ilishatimia saa nne.

Afadhali niliseme mapema. Nina kisukari tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na mkojo wangu unatoka bila kuniaga. Sukari ikikaa mwilini miaka na miaka bila kutulia hula mishipa ya fahamu. Wengine huwaanzia miguuni, wakakanyaga kaa la moto wasijue. Mimi ilianzia kwenye kibofu. Watu wakisikia habari hii hudhani ni mtu kubanwa akashindwa kuwahi. Laiti ningekuwa nabanwa. Aliyebanwa ana bahati, ana mtu wa kumgongea mlango. Kibofu changu hujaa kimyakimya mpaka kikafurika, na mimi habari nazipata kwenye nguo, sawasawa na mtu mwingine yeyote aliyemo chumbani. Miaka yote hii nimekojoa kwa kufuata saa ya mkononi. Nina pampasi za wakubwa kabatini, nina mpira wa kutolea mkojo niliofundishwa kuuingiza mwenyewe, nina mpwa ninayeishi naye ambaye amejifunza kutoniuliza kwa nini naanika shuka kila mara. Umeshazoea, watu wananiambia. Sijazoea hata kidogo. Kila ninapoamka nakasirika upya, kisha naenda kuoga.

Mwaka ambao Veronika aliingia katika jambo hili nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma, na nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Ilikuwa enzi za ruksa, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Maduka tuliyoyajua yakiwa matupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni ukachague mwenyewe, na sisi wa serikalini, tuliodhani tumeshika mpini, tukaanza kusikia neno kupunguzwa. Mimi na Veronika, mpiga taipu mwenzangu, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Majengo. Kilikuwa na kitanda cha futi nne tulicholala wote wawili, meza moja, jiko la mafuta ya taa, kamba ya nguo iliyokatiza toka ukuta hadi ukuta, na kwenye kona mtungi wa udongo wenye mchanga wa unyevu. Ndani ya mtungi nilihifadhi vichupa vyangu vya insulini, kwa sababu friji tulikuwa tunaziona kwa mabosi tu. Siku aliyohamia, Veronika aliinama akachungulia mtungini, akaniuliza Mgogo mimi pombe yangu nimemfichia nani. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

Kwa wasiojua, Wahehe na Wagogo ni watani. Babu zetu walipigana wakachoka, wakatuachia utani. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kofia yako aende nayo, atakucheka hata kwenye msiba wa mzazi wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha. Veronika aliniita ombaomba, mtoto wa ukame, mtu aliyebatizwa kwa vumbi kwa kukosa maji. Mimi nilimwita mla mbwa, na kila mbwa wa mtaani akipita nilimwonya akimbie, shemeji yake yuko nyumbani. Jioni tulipika ugali wa mtama na mlenda. Alikuwa akiuinua mlenda kwa tonge, unavutika, unavutika, akauliza hivi kwenu kuna mtu aliyewahi kufika mwisho wa hii mboga, kisha anakula mpaka anakomba sufuria. Chai yangu niliinywa bila sukari. Wakati wa zabibu alininunulia punje kumi, akazihesabu moja moja kiganjani mwangu, zilizobaki akala yeye huku nikimwangalia. Nilimchukia kwa zile zabibu, na hakuna aliyewahi kunitunza vizuri kuliko vile.

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari tuliamka kitanda kimelowa. Nilidhani kwanza ni paa, lakini mvua haikuwa imenyesha. Halafu nikashika gauni langu. Mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, kikojozi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikimsubiri Veronika aseme, kwa kuwa nafasi kama ile mtani haiachi, na nilikuwa tayari kucheka naye ili jambo liwe dogo. Hakusema kitu. Alilala kidogo akiangalia dari, akaamka, akakunja godoro akalitoa nyuma ya nyumba juani, na nikamsikia akimwambia mama mwenye nyumba kwamba yeye, Veronika, ameangusha beseni la maji kitandani kwa uzembe wake. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani akiacha kukutania, ujue ameona jambo kweli. Jioni alirudi na kipande kirefu cha nailoni, akakitandika upande wangu chini ya shuka, tukalala. Kikawa kinapiga kelele kila nikijigeuza.

Nilijiambia ni sukari imepanda, itashuka. Mgonjwa wa sukari anakojoa sana, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini hii haikuwa kukojoa sana. Nikiwa macho, nimekaa, nazungumza na mtu, nilishtukia joto likishuka pajani. Nikienda chooni kwa makusudi, mkojo ulikuja kwa kusitasita, kidogo, ukakatika, nami nikadhani nimemaliza. Nilivaa vipande vya khanga vilivyokunjwa mara nne, juu yake sketi nyeusi, juu yake sweta nililofunga kiunoni kwenye jua la Dodoma. Kazini kulikuwa na shida ya pili. Maji yaliletwa na lori mara mbili kwa wiki yakamiminwa kwenye mapipa, kwa hiyo choo cha wanawake kilifungwa kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya kichwa cha mkuu wetu, Mama Eliza, umefungwa kwenye kipande cha mti kinene kama mchi ili mtu asiusahau mfukoni. Tulikuwa wapiga taipu wanane katika chumba kimoja. Kila aliyekwenda haja alipita katikati ya meza zote, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mama Eliza, akatoka na lile gogo mkononi. Mama Eliza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa kwamba katika wanane watabaki sita, na kwamba yeye ndiye atakayependekeza wa kuondoka. Mwaka ule alianza kutazama nani anainuka na nani anakaa.

Nikaacha kunywa maji. Huo ndio upumbavu wangu mkubwa, na bado nakutana na wagonjwa wanaoufanya. Nilifikiri nisipoingiza sitatoa. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa na nusu sikugusa kikombe, midomo ikanipasuka, na mkojo ukaendelea kutoka vilevile, ila sasa mchache, mweusi na wenye harufu. Watu wakaanza kuhama. Aliyekaa kushoto kwangu aliomba meza ya dirishani akisema macho yanamsumbua. Siku moja nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala la karatasi nikibadilisha kitambaa, nikasikia wawili wanakunywa chai upande wa pili wa ukuta wa mabati. Mmoja alisema yule Seche amepata fistula. Mwingine akauliza fistula bila kuzaa inatoka wapi. Nikasikia vijiko, kisha wa kwanza akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuzaa hakukosi, la kuuliza ni mtoto alitupwa wapi. Sikulia. Nilisimama pale na kitambaa kibichi mkononi, nina hasira mpaka masikio yananiwaka, mimi ambaye nilikuwa bado sijamjua mwanamume, nimeshazaa na nimeshaua.

Jioni ile homa ilinipanda, kiuno kikakata, na kesho yake Veronika akanipeleka hospitali, tukakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye usingizi. Nilitegemea anitazame kama walivyonitazama kazini. Alinikojolesha kwanza, nikakojoa kidogo nilivyozoea, kisha akaniingiza mpira, na mkojo ukatoka ukajaza beseni lote huku mimi nikilitazama kama la mtu mwingine. Nusu ya siku nilikuwa natembea na mkojo ule wote tumboni bila kujua. Alinieleza kwamba miaka kumi na minne ya sukari imekata waya. Kibofu hakiwezi kunipigia simu tena, na kusubiri kinipigie ni kujidanganya. Niende chooni kila baada ya saa mbili, nihisi nisihisi, niinamie mbele, nitulie, nikimaliza nisimame kidogo halafu nijaribu tena. Maji ninywe, tena mengi, kwani uchafu uliokaa ndio ulioniletea homa. Nikamuuliza nitapona lini. Akaniangalia, akasema hilo ni la kuishi nalo. Akataka kuniandikia barua niipeleke kwa mwajiri ili niruhusiwe kutoka. Nikakataa. Veronika aliyekuwa amesimama mlangoni alinisihi niichukue, nikamkatalia na yeye. Barua ya ugonjwa kwenye faili la mtu asiyethibitishwa, mwaka ule, ilikuwa sawa na kujiandikia jina kwenye orodha. Mshahara ule ndio ulionunua insulini yangu ile hospitali ilipoishiwa, na iliishiwa mara kwa mara. Nikikosa kazi nisingekosa heshima tu, ningekufa, na sisemi hivyo ili nionewe huruma.

Njiani tukirudi, Veronika alisimama tulipovuka reli. Hapo akavua saa yake ya mkononi, ya kiume, mkanda mpana, akanifunga. Akaniambia kwamba yeye hana homa wala mchumba wa kumwahi, saa ya nini. Tangu Jumatatu iliyofuata akaanza mtindo wake. Kila zikikaribia kutimia saa mbili tangu nilipotoka chooni aliinuka yeye, akachukua lile gogo la ufunguo, akatoka nalo huku akilalamika tumbo, na akirudi hakulirudisha msumarini, alilitupa mezani kwangu akisema, "Chukua silaha, Mgogo, wasije wakakuibia ng'ombe." Watu wakacheka, nami nikatoka nalo kana kwamba utani ndio ulioniinua. Machoni pa Mama Eliza, aliyeomba choo mara nne kwa siku alikuwa Veronika. Mimi nilikuwa mtu wa kufuata tu. Nililiona hilo mapema. Siwezi kusema sikuliona. Nilimwambia mara moja tukiwa tunachambua mchele kwamba anajiharibia, akanijibu kuwa taipu yake ina kasi kuliko ya wote mle, hawawezi kumgusa. Na kweli alikuwa na kasi. Nilishika neno hilo nikalilalia.

Basi mambo yakaenda vizuri. Mwezi wa Machi, Aprili, Mei. Nilikunywa maji, harufu ikaisha, yule wa dirishani akarudi mezani kwake. Nailoni ilikaa kavu usiku mwingi. Nilianza hata kununa kwa mambo ya kawaida, kama bei ya mafuta ya taa, na nilifurahi kununa hivyo. Nikadhani nimeishinda.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi. Afisa Utumishi alikuja na wageni wawili kutoka makao makuu kutazama wafanyakazi. Walisema watakaa nusu saa. Walifunga mlango, wakamwita mmoja mmoja mbele, kila mtu aeleze kazi yake, ana vyeti gani, ametaipu kurasa ngapi, na wengine wote tukae tumetulia kwenye viti vyetu. Nilikuwa nimekwenda chooni saa mbili asubuhi. Ikafika saa nne, wamehoji watatu. Ikafika saa nne na nusu. Veronika aliniangalia, nikaangalia saa yake mkononi mwangu, nikaangalia ufunguo juu ya kichwa cha Mama Eliza, na katikati wale wanaume watatu na mafaili yao. Ungemwomba nani? Ungesema nini? Saa tano kasoro dakika chache nikasikia joto. Halikuwa tone. Lilikuwa ni lile beseni la hospitali lote, limepita kwenye khanga, limepita kwenye sketi, limeanza kudondoka kwenye sakafu ya saruji chini ya kiti, na mimi sina cha kukaza, kwa sababu anayekaza ni yule anayehisi. Na wakati huohuo Afisa Utumishi akasoma jina langu. Sechelela, njoo mbele.

Nilibaki nimekaa. Akarudia jina. Mama Eliza akageuka. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji ya kupigia deki, imejaa, na nilichokiona ni Veronika amesimama, amevuta hatua mbili, ameinyanyua. Akanimwagia yote. Kichwani, kifuani, mapajani, maji yakashuka kwenye kiti yakaenea chini yakafika mpaka kwenye viatu vya wageni. Nilishindwa hata kupumua. Naye amesimama na ndoo tupu, sauti yake ile ya kuita ng'ombe:

"Mnisamehe wakubwa. Huyu ni Mgogo, na mimi ni Mhehe. Ameitwa mbele za watu na hajaoga tangu masika ya mwaka juzi. Sikuweza kumwacha atuaibishe."

Wageni wakaangalia viatu vyao. Kisha mmoja wa wale wageni akaangua kicheko, akasema kumbe watani wapo hadi maofisini, na wote wakacheka, hata Afisa Utumishi, huku anakung'uta kiatu. Nikaambiwa niende nyumbani nikabadilishe, nitahojiwa mchana. Nilitoka nikichuruzika, na kila niliyempita ukumbini alicheka kwa kuwa habari ilikuwa imenitangulia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi kilikuwa kicheko kisicho na kitu ndani yake. Mama Eliza peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya meza yangu anainua karatasi moja moja. Ilikuwa rasimu ya ripoti ya mkurugenzi, ameiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, nakala pekee, kurasa arobaini, na wino ulikuwa unatiririka.

Mchana nilihojiwa, nimevaa gauni la Veronika, nikajibu vizuri. Veronika aliandikiwa barua ya onyo iliyosema kuwa utani na mali ya serikali ni mambo mawili tofauti. Agosti orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Katika wanane majina yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa lake. Sababu zilizotajwa ni uharibifu wa nyaraka na kuondoka mezani mara kwa mara. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi nyingine, ya waliothibitishwa.

Sasa nafika mahali ninapopata tabu. Siku hiyo nilikwenda kwa Afisa Utumishi kusema kweli. Nilikwenda, hilo walau nilifanya. Niliketi kwenye benchi nje ya mlango wake, nimepanga maneno: yale maji yalikuwa ya kuficha mkojo wangu, zile safari za chooni zilikuwa zangu, mnifute kazi mimi. Karani wake akasema ana mgeni, nisubiri. Nikasubiri. Nikaangalia saa, ikawa imetimia saa mbili kamili tangu nilipotoka chooni. Nikainuka nikaenda. Nilipotoka chooni miguu yangu ilinipeleka mezani kwangu, nikaweka karatasi kwenye taipureta. Nimejiuliza miaka yote hii kama ile ilikuwa haja au ilikuwa woga, na jibu nalijua, kwa sababu mimi sihisi haja. Saa ndiyo iliyoniinua, nami nikaishukuru saa.

Nyumbani nilimkuta Veronika anafunga mizigo kwa kamba za katani. Nikamwambia nilikotoka na kwamba sikuingia. Nilitaka anitukane. Alikaza fundo kwa meno, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ukiwaambia sasa watatufukuza wote wawili. Mimi silali na mtungi wa dawa, Seche. Nyamaza." Nikanyamaza. Alikwenda Bahi kwa dada yake, akafungua mgahawa karibu na stesheni, akauza wali na perege miaka ambayo maji yalijaa mbugani, na miaka ya ukame akauza uji. Akaolewa, akazaa Neema na wadogo zake, akafiwa na mume. Mimi nilitaipu mpaka taipureta zikatupwa, nikafundishwa kompyuta, nikastaafu na pensheni yangu. Saa yake ilikufa nikanunua nyingine. Kila mwaka nilikwenda kumwona, na kila mara nilipoanza kusema jambo lile alinikatiza kwa utani, akaita wateja waje waone Mgogo aliyewahi kuoga. Nilicheka kama sheria inavyotaka. Ndani nilikuwa nafura. Mtu akikutendea wema wa kiasi kile halafu akakunyima hata nafasi ya kumwomba radhi, unabaki nao umekukwama kooni.

Kwa hiyo nilikwenda Bahi na neno langu. Tangu jana yake jioni sikunywa kitu, ule upumbavu wa zamani, lakini wa msiba mmoja. Watu walikuwa wengi, wajomba wa Neema wametoka Iringa usiku kucha. Walinipokea kwa kelele, mtani wa marehemu amefika, na Neema akanikabidhi koti la mama yake na kilemba chake nimwigize, ndiyo kazi ya mtani msibani. Nikavivaa. Nikatembea kwa hatua zake zile ndefu katikati ya waombolezaji, nikaita ng'ombe kwa sauti yake, nikawaambia Wahehe wote wafunge mbwa wa Bahi ndani. Walicheka huku machozi yanawatoka, ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikachukua ndoo tupu iliyokuwa kando ya jiko la wapishi, nikasimama karibu na jeneza, nikawaambia mnaijua hadithi ya ndoo. Wakaitikia tunaijua. Nikasema hamuijui.

Nikawaeleza. Niliongea polepole ili lisipotee neno. Kwamba mimi nina kisukari, kwamba nilijikojolea mbele ya wakubwa, kwamba Veronika alinimwagia maji ili asiwepo mtu wa kujua, kwamba kwa sababu hiyo yeye alifukuzwa kazi na mimi nikathibitishwa, na nilijua, na nilikaa kwenye benchi kisha nikaondoka. Kwamba hata wakati huu ninaposema nimevaa pampasi. Nikaishusha ndoo, nikangoja.

Walicheka. Jamani, walicheka mpaka mzee mmoja akaegemea nguzo ya turubai. Mgogo huyu anaijua kazi, walisema, ona anavyojitukana mwenyewe. Nikasema ni kweli, nawaapia, ni kweli tupu, na wakacheka zaidi, kwa kuwa mtani akiapa ndiyo kabisa. Nikamtazama Neema. Naye alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mama hakutusimulia hivyo," akaniambia. "Yeye alisema alikumwagia kwa raha zake tu." Hata watoto wake. Hata kitandani anaumwa, hakuwaambia. Nilimkasirikia Veronika pale alipolala, kweli nilimkasirikia, kwamba amekwenda na ufunguo na mimi nimebaki upande wa ndani.

Mjomba mkubwa wa Neema akainuka kunituliza, kama ilivyo desturi mtani asije akazuia maziko. Alichota maji kwenye pipa kwa kopo kubwa, akanipa kwa mikono miwili mbele ya watu wote. "Haya, mpeni nafasi Mgogo anywe," akasema, "kwao haya hayapo."

Safari nzima ya kurudi kwa basi ilikuwa mbele yangu, na choo kilikuwa mbali, nyuma ya nyumba ya jirani. Nililishika lile kopo. Nikanywa maji yote, mpaka tone la mwisho, bila kuangalia saa.